Mama Itulie na Kiti cha Watundu

Alikuwa na sauti ndogo kuliko watu wote ninaowajua, na bado yeye ndiye aliyesikika nchi nzima. Mtoto akipiga kelele, yeye alishusha sauti. Mtoto akizidisha, naye alizidi kushusha, mpaka mwisho midomo ikawa inacheza tu. Mtoto, kwa kutaka kujua anaambiwa nini, alinyamaza. Nimeona hivyo kwa macho yangu. Nimeona darasa zima la wadogo likitulia hivyo siku ya mvua, mabati yakipiga kelele juu yetu, na yeye amesimama mbele kama mtu anayezungumza na kikombe.

Kijijini kwetu, upande wa Wema, tulimwita Mwalimu, kwa sababu alitufundisha chekechea karibu sote. Baadaye alianza kuonekana kwenye runinga, katika kipindi cha kusaidia wazazi walioshindwa na watoto wao. Kipindi kiliitwa Nyumba Itulie, na Garsen yote, mji wetu wa karibu, ikaacha kumwita Mwalimu ikamwita Mama Itulie. Sasa amestaafu, amehamia kwa mwanawe Hola, na watoto wa sasa hapa hawamjui. Wamekosa mengi!

Niseme mapema kwa nini mimi simsahau. Mdogo wangu Salome alikuwa apelekwe Mombasa kwa shangazi, akaishi huko moja kwa moja, kwa sababu baba aliona ameshindikana. Salome alikuwa na miaka sita. Mama hakutaka aende, na mimi sikutaka, lakini kwetu neno la baba likitoka halirudi. Mama Itulie aliingia katikati ya jambo hilo, yeye na gari lake lenye kamera.

Salome hakuwa mtoto wa kuiba sukari. Makosa yake yalikuwa makubwa kama ya watu wazima. Aliwafungulia kuku wakala mbegu za mpunga zilizoanikwa. Alitoboa ukingo wa mfereji, maji yakalala kwenye mchicha wa kanisa. Halafu siku moja alifungua kamba ya mtumbwi wa mzee jirani yetu pale kivukoni, akausukuma kwa mguu, akasimama kuuangalia ukienda. Mtumbwi ulisafiri na maji siku tatu. Wavuvi waliuokota kule Kau, karibu na mdomo wa mto, na walisema ndani yake alikuwa ameketi ndege mmoja kama nahodha.

Baba alikuwa akifanya kazi mashambani huko Chewele na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Safari hiyo alirudi kabla ya wakati. Alikwenda kwa jirani na jogoo mkononi kuomba radhi. Aliporudi hakumpiga Salome. Aliketi, akavua viatu, akasema polepole, "Tukishavuna, nampeleka kwa dada yangu Mombasa. Kule kuna geti."

Hilo neno geti liliniogopesha. Kwetu hakuna nyumba yenye geti. Mama aliingia jikoni akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Siku ya pili mama alinishika mkono tukaenda kwa Mama Itulie. Tulimkuta nje anachambua mchele. Mama alianza kueleza huku analia, lakini yeye akamkatiza.

"Umekula?"

"Mwalimu, nimekuja kwa habari ya mtoto."

"Nimesikia habari ya mtoto, mto mzima umesikia, mpaka Kau. Nakuuliza wewe. Umekula?"

Mama hakuwa amekula. Akapewa muhogo na chai, na hatukuongea neno mpaka sahani ikawa tupu. Ndivyo alivyoanza kila mahali alipokwenda. Watu wa runinga mwanzoni walikasirika, wakaona anawapotezea muda, wao wakitaka mtoto anayerusha vikombe naye anauliza mambo ya chakula. Alikuwa akisema, "Mzazi mwenye njaa na mtoto mwenye hasira, hapo una watoto wawili."

Misemo yake ilikuwa mingi, na mingine aliitunga palepale. "Mtoto akipiga kelele anabisha hodi. Mfungulie, usibishane na mlango." Na huu nilioupenda mimi: "Mtoto hana ubaya, ana kazi ambayo hajapewa." Mtu akimwambia samaki mkunje angali mbichi, yeye alijibu, "Sawa, lakini wewe unakunja hata kabla hujamvua."

Alivyofika kwenye runinga ni kwa bahati tu. Watu kutoka Nairobi walikuja Garsen kupiga picha za mafuriko. Wakapita shuleni kwetu, watoto wakaona kamera wakapandwa na wazimu, wakapanda na madawati. Mama Itulie akatoka, akasimama, akaanza kunong'ona. Kiongozi wao, dada mmoja mwenye kofia na suruali ya mifuko mingi, aliacha mafuriko akabaki anamwangalia yeye. Baada ya miezi kadhaa walirudi na gari, na karatasi za kutia sahihi.

Yeye mwenyewe hakuwa na runinga. Kipindi kikianza alikuwa akisimama mlangoni pa kinyozi mmoja hapo Garsen, amejifunika kanga mpaka puani akidhani hajulikani, na anajisema vibaya kwa sauti.

"Mwangalieni mwanamke huyu anavyojidai! Anakaa kama jogoo juu ya jaa."

"Lakini si ni wewe, Mwalimu?" kinyozi akamwuliza, mkasi hewani.

"Ndiyo maana nasema. Ningekuwa simjui ningenyamaza."

Alipenda sifa, tusifichane. Alitembea na kioo kidogo ndani ya mkoba, na hakukubali kupigwa picha upande wa kushoto. Watoto wa Garsen wakimfuata wakiimba "Itulie! Itulie!" alikunja uso akasema, "Wananichosha hawa," na huku amepunguza mwendo ili wamfikie.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba subira yake yote ilikuwa ya watoto. Mtoto angemmwagia uji kifuani, yeye angejipangusa akaendelea na hadithi. Mtu mzima akimwambia "ngoja kidogo, mama," alikuwa ameshaondoka. Aligombana na makarani, na wauza mkaa, na dada wa Nairobi kila siku. Niliwahi kumwona akimpa mgongo mchungaji katikati ya tangazo kwa sababu tangazo lilikuwa refu.

Yeye na watu wa runinga walipokuja kwetu, siku ya kwanza peke yake ingetosha kuandikiwa kitabu. Gari lilifika asubuhi, na nyuma ya gari watoto wa vijiji viwili. Kulikuwa na mwavuli mkubwa mweupe usio wa mvua, na kijana wa sauti mwenye visikizio vikubwa masikioni. Alimbandika mama kidude cha kunasia sauti ndani ya kanga na mama akawa anaongea kwa kunyooka kama anayesoma risala. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, lakini sikukosa kitu.

Sasa, kipindi kile kilikuwa na kiti. Kilikuwa cha plastiki, rangi ya bluu. Walikibeba kila nyumba. Mtoto akikosea aketishwe pale peke yake, auangalie ukuta mpaka atulie. Dada wa Nairobi alisema ni njia iliyojaribiwa nchi nyingi.

"Dada," Mama Itulie alimwambia, "hapa kwetu hiki hakitafaa."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Wewe kiweke. Utaona."

Haikuchukua muda. Salome alivunja mtungi, makusudi, huku anaiangalia kamera. Akaketishwa kwenye kiti cha bluu. Alikunja nne. Akanyoosha gauni. Akasema, "Nileteeni chai."

Kwetu kiti ni cha mgeni. Ni cha mzee, au cha mchungaji anapokuja kuombea mgonjwa. Mtoto anakaa mkekani au chini. Salome alikuwa hajawahi kukalia kiti nyumbani tangu ajue kukaa, na sasa amewekewa kipya, kinang'aa, na taa inamulika. Wenzake wote waliona. Mmoja akamwaga maji motoni. Mwingine akampiga mbuzi kofi. Wawili wakapanda juu ya gari. Kabla dada wa Nairobi hajafungua mdomo, foleni ilikuwa imeanzia kitini na kupita tangi nililojifichia.

"Mimi pia nimekosa!"

"Mimi nimekosa mara mbili, nipite mbele!"

"Yeye ameshakaa, na hakufanya kitu kikubwa!"

Halafu akaja yule mzee jirani, mwenye mtumbwi, na mkongojo wake. Akaangalia mambo yale kwa utulivu. "Kwa hiyo," akasema, "aliyepoteza mtumbwi wangu amekalishwa kiti na kuletewa chai, na mimi mwenye mtumbwi nimesimama."

Mama Itulie alicheka mpaka akashika ukuta. Salome akaondolewa, mzee akaketi, na hakuinuka mpaka jioni. Kiti hicho hakikupatikana tena kwa kazi yoyote. Kila walipokitaka, mzee alikuwa juu yake, anawaelekeza pa kuweka kamera.

Si kwetu tu walikokosea watu wale. Waliwahi kwenda kwa familia moja ya wafugaji Waorma, kule uwandani nje ya Garsen, ambako kijana mdogo alikuwa akiwafungulia ndama. Mama Itulie alitusimulia. Kamera zilimpiga picha mtoto amekumbatia ndama, na dada wa Nairobi akafurahi, "Jamani, anapenda wanyama!" Hakuelewa kwa nini mama wa mtoto analia. Ndama wakifunguliwa mapema wananyonya yote, na jioni nyumba nzima inalala bila maziwa. Mama Itulie alichuchumaa akazungumza na mtoto kwa Kiorma, kidogo kidogo. Mtoto akamwambia ndama wanalia na mama zao wako palepale, wanawaona. Basi Mama Itulie akaomba kwa baba mtu, kwa heshima, mtoto apewe kazi ya kutoa ndama mmoja mmoja wakati wa kukamua, kila ndama kwa mama yake. Kumbe kazi hiyo ipo siku zote, ni mtoto tu hakuwa amepewa. Tangu siku hiyo hakufungua hata mmoja kabla ya saa yake.

Lakini hakuzaliwa na upole ule. Alisema mwenyewe kwenye kipindi, mbele ya nchi nzima, kwamba kwa miaka mingi ya kufundisha alitembea na fimbo ya mkwaju. Wengine walidhani ni maneno ya runinga. Mimi nilijua ni kweli, kwa sababu alinipiga.

Aliinua kadi akaniuliza ni rangi gani. Ilikuwa kijani. Nilijua ni kijani. Lakini darasa lote lilikuwa linaniangalia na mdomo wangu haukufunguka. Akauliza tena. Akanipiga kiganjani mara tatu.

Siku ya pili ya kupiga picha nilikuwa napepeta mchele nyuma ya nyumba, akaja akakaa chini kando yangu, chini kabisa, kwenye vumbi, na nguo yake ya kipindi.

"Wewe nilikupiga," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unajua jibu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilidhani ni kiburi." Akachukua punje moja ya mchele akaivunja kwa jino. "Nisamehe, mwanangu."

Mtu wa umri wake, ananiomba mimi msamaha! Sikujua niangalie wapi. Nikatikisa kichwa tena. Akatabasamu, akasema, "Kichwa peke yake hakitoshi, lakini leo nakipokea." Akainuka akaenda kugombana na dada wa Nairobi.

Siku ya tatu likatokea jambo lenyewe.

Ilikuwa wakati ule mpunga unapoweka maziwa, na ndege wanashuka mashambani kama wingu. Kila shamba lina dungu, jukwaa la miti la kusimama juu, na mtu anashinda pale akiwafukuza kwa kombeo na kelele. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita kuamia. Mimi nilipewa kazi hiyo nikiwa mdogo na ndege wakanizoea. Sikuweza kupaza sauti. Mama Itulie aliliangalia shamba letu, akamwangalia Salome ambaye wakati huo alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya kiatu, akamwambia mama, "Mpandishe dungu."

"Mwalimu, ataanguka."

"Ameusafirisha mtumbwi mpaka Kau. Mpandishe."

Salome alipanda, na kidude cha sauti alichobandikwa asubuhi hiyo kikiwa bado kwenye gauni lake. Loo! Ndege hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama kile. Waliinuka wote kwa mara moja, wakahamia kwa majirani, majirani wakaanza kutulalamikia. Sisi tulisimama mbali, chini ya ule mwavuli, na tulisikia kelele tu bila maneno. Kijana wa sauti peke yake, mwenye visikizio, alikuwa anasikia maneno. Alikuwa anacheka, anajipiga paja. Halafu akaacha kucheka. Akavua visikizio akampa Mama Itulie. Mama Itulie akasikiliza kidogo, akavivua, akamvalisha mama. Na mama akasogeza kimoja kwenye sikio langu.

Salome alikuwa anawagombeza ndege.

"Nyinyi hamna adabu! Watoto gani nyinyi? Nimewachoka! Nimefanya kazi mwezi mzima, narudi, nakuta haya!" Akakohoa, kikohozi kizito, kikohozi cha baba kabisa. "Tukivuna nawapeleka Mombasa wote! Mfungiwe geti!"

Halafu sauti nyingine, ndogo, ambayo sikujua Salome anayo.

"Wewe mdogo baki. Nimekuona. Kaa na mimi hapa. Usile, ukae tu. Baba akija ujifiche, asikuone, akikuona atakuchoka."

Mama aliketi kwenye tope, hapohapo aliposimama.

Dada wa Nairobi naye alikuwa amesikiliza kwa visikizio vingine, na machozi yalikuwa yanamtoka. Namsifu kwa hilo. Lakini machozi yalipokauka akasema, "Mwalimu, hii ndiyo roho ya kipindi. Nchi nzima italia."

"Hii haitaonyeshwa," Mama Itulie alisema.

"Lakini tuna makubaliano. Umetia sahihi."

"Nimetia mimi. Salome hajui kutia sahihi."

"Itawasaidia wazazi wangapi! Fikiria."

"Nafikiria. Nafikiria akifika darasa la tano, wenzake wanamwimbia maneno hayo uwanjani." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka dada wa watu ameinama kumsikia. "Mwanangu, umekuja kunisaidia kulea. Hebu tulee."

Dada alivua kofia, akaikunjakunja mikononi. Kisha dada akamwambia kijana wa sauti afute. Alifuta tukiona.

Jioni, kabla ya kupanda gari, Mama Itulie alituita mimi na mama. "Kumwambia baba yake haya ni kwenu," alisema. "Mimi nikimwambia nitakuwa nimemshtaki. Nyinyi mkimwambia mtakuwa mmempa habari za mtoto wake."

Mama alikubali. Lakini kusema ukweli, baba alipokuja mwezi ule, mama aliandaa samaki, akaandaa maji ya kuoga, akaandaa maneno, na maneno hayakutoka. Aliogopa baba atasikia kwamba analaumiwa. Na mimi, nani angenitegemea mimi?

Siku kipindi chetu kilipoonyeshwa, kijiji kizima kilikuwa Garsen. Hoteli yenye runinga ilijaa mpaka watu wakatazama wakiwa jikoni. Mzee alipotokea juu ya kiti cha bluu, watu walipiga meza, vikombe vikaruka. Salome alikuwa amesimama juu ya benchi akisema, "Mimi huyo! Mimi huyo!" kama vile kuna mtu asiyejua. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kufurahi hivyo mbele za watu.

Ilipoisha, simu ya mama ikalia. Alikuwa baba, ametazama na wenzake kule Chewele.

"Nimeona," alisema. "Wenzangu wamecheka sana."

"Wewe umeonaje?" mama akauliza.

"Nimeona mtoto amevunja mtungi akaletewa chai. Neno langu ni lilelile."

Hapo ndipo tulipoelewa. Lile lililofutwa ndilo pekee lililoweza kumtetea Salome. Mama alinung'unika siku nyingi. "Tungewaacha waonyeshe," alisema. "Kuimbiwa uwanjani na kufungiwa geti, kipi kibaya?" Hata leo najiuliza swali hilo.

Mama Itulie alisikia, akaja mwenyewe baba alipokuwepo. Baba alimpa kiti, akamsikiliza kwa heshima.

"Mwalimu, wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Walisema kweli. Na anayemliza kila siku, siku yake ya kulia ikifika atabembelezwa na nani?"

Baba alicheka, kwa sababu alipenda mtu anayejua kujibu. Lakini hakubadilika. Ya dungu Mama Itulie hakuyagusa. Niliona anayameza. Watu wa runinga hawakurudi tena baada ya msimu ule, na kipindi kikaisha.

Tulivuna. Shamba letu lilitoa mpunga kuliko miaka yote, na baba aliuangalia, akauliza nani aliamia. Mama akasema Salome. Baba akasema, "Ehe," akaenda kutafuta mkoba.

Mara ya mwisho nilipomwona Mama Itulie kabla hajahamia Hola ni asubuhi ya safari, pale steji ya Garsen. Mama alishindwa kuja. Alimvisha Salome gauni la kanisani akageukia ukuta. Tulikuwa watatu: baba, Salome na mimi niliyebeba mkoba. Mama Itulie alikuwa pale kungoja mzigo wa madaftari kutoka Malindi, anamgombeza kijana wa mizigo. Basi la Mombasa lilikuwa limeshawashwa.

Nilimkimbilia. "Mwalimu, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Yale ya dungu."

Aliacha ugomvi wake wa mizigo. "Yangu nilimwambia baba yako, yakaisha," alisema. "Haya si yangu."

"Siwezi."

Hakunibembeleza. Aliuchukua mkoba kutoka mkononi mwangu, kwa sababu ulikuwa unanilemea, akaenda nami mpaka aliposimama baba. Akasimama ubavuni kwangu, si mbele. Baba akamwamkia. Akaitikia, halafu akaniachia mimi, kelele za basi na watu zikiendelea.

"Baba," nilisema.

"Nini?"

"Salome anajua umemchoka."

"Nani amemwambia?"

"Anawaambia ndege."

Na yakatoka yote. Sikuyapanga vizuri. Nilianza na geti, nikarudi kwenye kikohozi, nikafika kwa yule ndege mdogo aliyeambiwa ajifiche. Niliongea kwa sauti, nadhani, maana mama muuza maembe aligeuka. Baba hakunikatiza hata mara moja. Aliangalia viatu vyake.

"Alikohoa?" aliuliza mwishowe.

"Kikohozi chako, baba."

"Mzee, twende!" makanga akapiga ubavu wa basi. "Mtoto anakaa ama unampakata?"

Baba alimgeukia Mama Itulie. "Mwalimu, ulijua haya?"

"Niliyasikia."

"Ukanyamaza mpaka leo."

"Nilinyamaza," alisema. "Na nimelala vibaya siku zote hizi."

Baba alimtafuta Salome kwa macho. Alikuwa ameshapanda ngazi ya nyuma ya basi, nusu ya njia kuelekea kwenye keria ya mizigo juu, kiatu kimoja hakipo. Sisi sote tulingoja apigiwe kelele. Baba alikwenda akasimama chini ya ngazi, akainua mikono.

"Shuka, mama," alimwambia. Hakuwa amewahi kumwita mama.

"Tunaenda Mombasa?"

"Tunaenda nyumbani."

"Na nafasi yenu, mzee?" makanga akauliza.

"Mpe mwingine."

Basi likaondoka na vumbi lake. Tulisimama pale kando ya barabara. Salome alikitafuta kiatu chake, akakipata, akaupokonya mkoba wake kutoka kwa Mama Itulie, akauweka kichwani, akatangulia njia ya Wema bila kutuangalia. Baba akamfuata.